Bakteria wa Mjukuu Wangu

Kwetu Buganguzi, wilaya ya Muleba, nyumba haikai kando ya shamba. Inakaa ndani ya kibanja, katikati ya migomba na kahawa, na makaburi ya watu wetu yako humo humo. Anayekuja kunisalimu hana njia nyingine, lazima apite chini ya migomba yangu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wa mjini wameniuliza, "Si ungemwambia mtoto apite tu, aingie ndani ya nyumba?" Apite wapi? Angani?

Tumeishi na unyanjano miaka mingi sasa. Asiyeujua nimweleze kwa kifupi. Mgomba unanyauka kama umemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukizipasua ndani ni kahawia. Ukikata shina linatoa usaha wa njano. Unasimama na panga lako unatazama chakula cha watoto kikitoa usaha. Tulishikana uchawi sana mwaka wa kwanza, mpaka bwana shamba akaja akatukusanya akasema huyu si jirani, huyu ni bakteria. Mimi niliishia darasa la tatu, neno hilo sikuwahi kulisikia. Akasema anatembea kwa panga, kwa jembe, na kwa mche. Hapo kwenye mche ndipo alipotuumiza, maana Mhaya hauzi mche wa mgomba. Unaomba, unapewa, na kesho wewe utaombwa. Ndivyo tulivyokaa na watu.

Wanawake tukakaa tukaweka sheria. Kila irembo, yaani mlango wa kuingilia kibanja, pawe na moto. Panga haliingii bila kupita motoni. Mche hauingii kabisa, hata kama umetoka kwa askofu. Wakanichagua mwenyekiti. Walisema wananichagua kwa kuwa sina aibu, na ni kweli. Nilimrudisha shemeji yangu na jembe lake begani. Jirani yangu wa bondeni alipoozesha binti, wakwe walimpa mche wa ndizi nzuri, akaubeba kwa furaha amefunga kitambaa chekundu. Niliuchoma mbele yake. Alilia. Kisha akanisalimu kila siku kama kawaida, na kila aliponisalimu nilijua hajasahau.

Basi mwaka jana alifariki mwanangu, yule aliyekuwa akivua samaki kisiwani Goziba. Aliletwa kwa boti akiwa hajitambui, hakukaa. Binti yake yuko chuo kikuu Dar es Salaam, na sisi hatuweki maiti kungoja mabasi. Alipofika tulikuwa tumeshafukia. Alikaa kwenye udongo ule mpaka nikamwinua kwa mkono. Nikamwahidi kwamba tutakapojenga kaburi, jiwe la kwanza ataliweka yeye.

Mwaka ukazunguka. Misa ikapangwa Jumamosi, mafundi wa kaburi waje Ijumaa. Alhamisi mchana mjukuu akaja. Hakutoka Dar, alitoka Kampala, alikotumwa na mwalimu wake. Akashuka kwenye pikipiki pale irembo, amevaa vizuri, begani ana begi na mkononi ana boksi kama lile wauguzi wanalobebea chanjo.

"Umebeba nini?" nikamuuliza. Namuuliza hivyo kila mtu.

"Bibi, hata kunikumbatia bado!"

"Nitakukumbatia. Umebeba nini?"

Akacheka, akaona mimi sicheki. "Nguo. Sukari yako. Na hili boksi ni la kazi."

"Kazi gani?"

Mtoto huyu nilimlea mimi mama yake alipoolewa kwingine. Kusema uongo hajui, fimbo yangu ndiyo iliyomnyima elimu hiyo. Akashusha macho akasema, "Ni bakteria, bibi."

Nikanyoosha mkono nikaziba njia.

Alijaribu kunieleza tukiwa tumesimama pale pale, moto ukifuka katikati yetu. Nitaeleza nilivyoelewa, na kama nimekosea ni mimi, si yeye.

Alisema mwili wote umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana, na kila chumba kina milango. Vitu vinakuja kubisha hodi: harufu, hofu, dawa zangu za presha. Nyuma ya mlango wamekaa wajumbe, wanaitwa protini G. Wako watatu wameshikana. Mlango ukibishwa wanaachana, mmoja anakimbia ndani kupeleka habari. Yeye anasomea kahawa inafanya nini mlangoni hapo.

"Kahawa hii?" Nilikuwa na akamwani shavuni, ile kahawa yetu ya kutafuna. Siku hizo nilikuwa natafuna tangu alfajiri ili nisimame.

"Hiyo hiyo. Ukifanya kazi, uchovu unajikusanya unakuja kubisha. Mjumbe anapeleka habari kwamba umechoka, ulale. Ukitafuna kahawa, kahawa inakuja inakaa kwenye mlango ule ule. Haibishi, imekaa tu imeziba. Uchovu ukifika unakuta kiti kina mtu."

"Kwa hiyo uchovu haujaondoka."

"Haujaondoka, bibi. Uko nje unangoja."

Hilo nililielewa mpaka magotini.

Sasa mjumbe huyo ni mdogo mno, haonekani. Kwa hiyo wataalamu walichukua kitu kinachong'aa kutoka kwa mnyama wa baharini aliye laini kama ute wa yai, wakamfunga nacho mjumbe mgongoni. Alisema ni kama baba yake alivyokuwa akifunga taa kwenye boya kule Goziba ili aone nyavu zimeelekea wapi. Mmoja wamempa taa ya kijani, mwenzake ya rangi nyingine, wakiachana ile nuru inabadilika na yeye anaona kwenye darubini.

"Na bakteria anatafuta nini kwenye habari hiyo?"

"Bakteria ni mpagazi tu, bibi. Maelekezo ya kumtengeneza mjumbe mwenye taa yameandikwa kwenye kitu cha mviringo kama pete, kinaitwa plasmidi. Bakteria anaibeba, na watoto wake wanaibeba. Nikifika Dar nawalisha wawe wengi, nawapasua, natoa ile pete naiingiza kwenye vyumba vya figo ya mtu tunavyovikuza kwenye visahani. Vile vyumba vinasoma, vinatengeneza mjumbe na taa yake."

"Figo ya nani?"

"Ya mtu wa zamani, bibi. Hayupo."

"Na ndugu zake wanajua?"

Akafungua boksi akanionyesha. Vichupa vitatu, kila kimoja hakizidi kidole changu cha mwisho, ndani kuna kitu kama mafuta ya kula yaliyoganda. Barafu iliyokuwa imevizunguka ilikuwa imeshakuwa maji.

"Wakipata joto wanakula chakula chote wanakufa," akasema. "Au wanachoka na mzigo, wanaitupa pete. Chuoni umeme ulikatika, wa kwanza wote wakaharibika. Kampala wametupatia hawa kwa kuombwa sana. Mwalimu ameniambia nikiwapoteza na hawa, sina kazi ya kuandika, na muda wangu wa kusomeshwa unaisha mwaka huu. Bibi, nitarudi hapa bila kitu."

"Hawali migomba?"

"Hawawezi. Hata nje ya kichupa hawaishi sana. Nina karatasi za ruhusa, nilizionyesha mpakani."

Nilimwamini. Naomba hilo lieleweke. Nilimwamini pale pale.

Lakini jirani wa bondeni alikuwa ameshafika. Sijui nani alimwambia, labda yule wa pikipiki. Akasimama upande wa pili wa moto, kanga kiunoni.

"Mwenyekiti, naona una mgeni."

"Ni mtoto wa marehemu. Unamjua."

"Namjua. Karibu nyumbani, mwanangu, pole na safari. Nasikia umetuletea bakteria."

"Mama, hawa si wale wa migomba," mjukuu akaanza.

"Wewe pumzika, waitu, mtoto wetu. Nazungumza na mwenyekiti." Akanigeukia. "Mimi nilileta mche, na mche hukuuona una ugonjwa. Huyu ameleta ugonjwa wenyewe, umefungwa kifuniko. Nauliza tu, moto wako leo unachoma au unachagua?"

"Umeona huo ugonjwa umeingia?"

"Sijaona. Ndiyo maana nimekuja kutazama." Na akakaa. Akatafuta jiwe akakaa, akatoa kahawa yake mfukoni mwa gauni akaanza kutafuna, kama mtu aliyefika mapema kanisani.

Mjukuu alikwenda zahanati kuomba nafasi kwenye friji. Muuguzi akamwambia friji ya chanjo haiwekwi kitu kingine, na hapo muuguzi alikuwa na haki. Akaenda dukani kwenye friji ya soda. Mwenye duka akasema yeye ana migomba, na ana mke, na mke wake yuko kwenye chama changu. Jua linashuka mtoto akarudi uso umevimba.

"Basi nirudi Bukoba, bibi. Nitafute mahali."

"Na kesho jiwe la baba yako ataliweka nani?"

Akaanza kulia. Jirani akaacha kutafuna, akatazama pembeni. Alikuja kunishinda mimi. Machozi ya yatima hakuyatarajia.

Nikasema boksi litalala hapa nje. Tukalifunika kwa majani mabichi ya mgomba, mjukuu akamwaga maji ya boksi akaweka ya baridi ya kisima. Na alfajiri, nikasema, nitalichukua mimi nilipeleke Bukoba.

"Wewe?" wakasema wote wawili, kwa pamoja.

"Nani mwingine? Huyu lazima awepo kwenye kaburi. Mimi nilikuwepo tulipomzika."

Nilikuwa nafikiria mwenzangu mmoja anayekaa Buhembe, huko huko Bukoba, mjane kama mimi, Mwislamu. Tulijuana zamani nilipokuwa nikipeleka ndizi sokoni Bukoba na yeye akiuza vitumbua. Sasa miguu imekataa, anauza maji baridi na barafu za ukwaju nyumbani kwake. Ana friji kubwa kuliko kabati la sakristia. Mjukuu akanifundisha: pawe na baridi, lakini isigande. Ikiganda wanakufa, ikipata joto wanakufa. Nikamwambia hao ni wagonjwa, si wapagazi.

Alfajiri nikaondoka nalo. Pale Muleba mjini nilikuta gari la samaki limesimama, samaki wa visiwani. Nikamwomba dereva barafu.

"Bibi, una chanjo humo?"

"Nina kazi ya mtu."

Akanipa vipande viwili vikubwa, akakataa kushukuriwa. Nikavifunga kwenye kanga ya kichwani ili visiguse vichupa, nikasafiri kichwa wazi, mimi na umri wangu. Boksi la sayansi likanuka sangara mpaka Bukoba.

Mwenzangu alikuwa ameketi mlangoni. Alinitazama kichwa, akatazama boksi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka nafasi kwenye friji."

Nikamweleza yote. Sikuficha neno, kwa sababu nyuma ya nyumba yake niliona migomba inatikisika, na yeye aliniona nikiiona.

"Subiri," akasema. "Wewe umekataa kulala nao kwako Muleba. Umewapandisha gari ukaniletea mimi. Migomba yangu ni ya plastiki?"

"Mjukuu anasema hawana madhara kwa mgomba."

"Na unamwamini?"

"Namwamini."

"Sasa kwa nini hukuwaingiza kwako?"

"Kwa sababu mimi ni mwenyekiti."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwenyekiti! Umefukuza bakteria wasio na kosa kwa ajili ya kiti!"

"Si kiti. Nilichoma mche wa mwanamke mwenzangu, nao pengine haukuwa na kosa. Nikimpitisha huyu kwa kuwa ni damu yangu, kesho kila mtu ana damu yake. Wataingiza miche yote ya wakwe na mashemeji. Na mche mmoja mgonjwa utakuwemo."

Akaacha kucheka. Akafuta macho kwa upindo wa ushungi.

"Umezeeka vibaya," akasema. "Weka pale chini, penye mchicha. Juu panagandisha. Na uniandikie kwamba si cha kunywa, wajukuu zangu hawaachi kichupa."

Mimi kuandika si kazi yangu rahisi, lakini niliandika. SUMU. Si kweli, ila watoto wanalisoma haraka. Tukavifunga ndani ya mfuko na mfuko mwingine, tukaviweka nyuma ya mchicha. Akataka nile. Nilimwambia mafundi wako nyumbani, akanifungia mihogo ya kuchemsha nikaila njiani.

Mvua ilinikuta Muleba. Bukoba na Muleba mvua haiulizi msimu. Pikipiki ikateleza, tukashuka tukasukuma. Nilipofika, saruji ilikuwa imeshamwagwa. Mafundi walikuwa wamefunika kaburi la mwanangu kwa maturubai wanangoja mvua ipite, na jiwe la kwanza lilikuwa chini, halionekani tena. Mjukuu alikuwa ameliweka. Jirani wa bondeni ndiye aliyemshika mkono akiliweka, kwa kuwa mimi sikuwepo, na lazima mtu mzima amshike mtoto mkono. Aliniambia mwenyewe, bila kejeli: "Nilisimama mahali pako, mwenyekiti." Nikamwambia asante. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani na nguo zangu mbichi. Sikulia. Nilichoka tu, ule uchovu unaokuta kiti hakina mtu.

Misa ikapita vizuri. Watu wakala, wakaimba, wakaondoka. Jumapili mjukuu akaenda zake. Alinikumbatia pale irembo muda mrefu, nikamwambia aende, gari litamwacha. Akachukua vichupa vyake Buhembe, mwenzangu akampa na chupa ya ukwaju, akapanda basi la Dar.

Nilikaa bila habari. Nililima, nikavunja maua ya ndizi kwa kijiti kama tulivyofundishwa, nikakuta mgomba mmoja wa juu unanyauka nikaukata nikauzika. Ukaniuma kuliko mingine, sijui kwa nini.

Halafu akapiga simu. Alikuwa ametuma picha kwanza kwa jirani wa bondeni, naye akaja kunionyesha kwenye simu yake, maana yangu haina picha. Giza tupu, na ndani ya giza miduara ya kijani, mingi, imebanana kama mayai ya chura. Kingo zinang'aa, katikati peusi.

"Ndio hao?" jirani akauliza.

"Ndiye mjumbe. Amekaa mlangoni, ndiyo maana kingo tu ndizo zinazong'aa."

Aliitazama sana. "Kizuri," akasema. Kisha: "Lakini ulifanya vema kukikataa." Sikujua ananisifu au ananichoma, na sidhani yeye alijua.

Simu ilipolia mjukuu aliongea haraka haraka, kwa furaha, halafu akapunguza.

"Viwili vimeota, bibi. Kimoja kimekufa."

"Kipi?"

"Cha yule mwenzake. Wa rangi nyingine."

Nikafikiri. "Kwa hiyo unamwona mjumbe, lakini humwoni akiachana na mwenzake."

"Ndiyo." Akashangaa kidogo, nikasikia. "Naweza kuanza kuandika. Kumaliza siwezi, mpaka nimpate huyo."

"Alikufa mikononi mwangu?"

"Sijui, bibi. Huenda ni ule usiku wa nje. Huenda ni kwenye basi. Huenda alitoka Kampala akiwa amekufa."

"Usinifiche."

"Sikufichi. Hakuna anayeweza kujua."

Angenilaumu ningejua la kusema. Nilikaa na simu sikioni, nikitazama migomba. Usiku ule wa nje ni mimi. Na kama ingekuwa leo tena, boksi lingelala nje tena, na hilo ndilo linalonichosha, kwamba nimelipima kila upande na kila mara linaangukia pale pale.

"Muda wako wa kusomeshwa?"

"Mwalimu ameniombea miezi michache. Kampala wamekubali kunipa tena. Mwezi ujao nitakwenda, nikirudi nitapita hapo nikuone."

"Usipite."

"Kwa nini, bibi?"

"Ukiwa na hivyo vichupa usishuke Muleba. Pitiliza mpaka Dar."

"Nipite nyumbani nisishuke, bibi? Na kaburi la baba naliona kutoka barabarani?"

"Halionekani kutoka barabarani. Pitiliza. Ukishavifikisha, vikiwa salama, ndipo urudi unione."

"Hiyo ni safari ya siku nzima na zaidi, bibi. Kwenda na kurudi tena."

"Najua," nikamwambia. "Najua ni mbali."